Barua ya wazi kwa wanangu mnaowauguza wanawake wa Kibengali London Mashariki

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipata, marahaba. Mmoja wenu alinipigia simu juzi akiwa zamu, akaniuliza: "Bibi, hawa mama wa Kibengali mbona wengine hedhi inakatika mapema hivi? Ni damu yao?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu alikuwa na wagonjwa wanamsubiri. Jibu refu nawaandikia nyote, wauguzi, wakunga na watunza wazee, kwa kuwa swali hilohilo mimi nililijibu vibaya zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na aliyeumia kwa jibu langu si mimi.

Alikuwa mwanamke wa Sylhet, kaskazini mashariki mwa Bangladesh, umri wake miaka 41. Ilikuwa Februari, nje theluji, naye amevua koti na kujipepea kwa ncha ya sari, jasho likimtiririka shingoni. Mapajani kakipakata kimfuko cha tambuu: jani, popoo, chokaa na tumbaku kidogo. Nilimkumbuka bibi yangu Mombasa. "Mashik bondho," akaniambia. Mashik ni hedhi, neno lililotoka kwenye mwezi, kama sisi tunavyosema mtu yumo mwezini. Bondho ni kufungwa. Nikamwambia nyinyi ndivyo mlivyo, hamna neno. Nikaandika kwenye faili "kawaida kwa watu wake", nikamwita anayefuata. Miaka kumi na moja baadaye aliteleza kwenye ngazi ya nyumbani kwake, kifundo cha mkono kikavunjika kama ukuti mkavu. Mifupa yake ilikaa muda wote ule bila estrojeni ya kutosha, ile homoni ya kike inayolinda mifupa, na hakuna aliyemuuliza, wa kwanza nikiwa mimi. Nilimwomba radhi. Alinishika mkono kwa ule mkono mzima, akacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Sasa, hilo la damu. Ni kweli nasaba ina sehemu yake. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, kiasi cha milioni 1 hadi 2. Akifika kuvunja ungo yamebaki kama laki 3 au 4, na yakishapungua hadi elfu moja hivi ndipo hedhi inapokoma. Kasi ya kupungua huko kwa karibu nusu hurithiwa, kwa hiyo mama aliyekatika na miaka 42, binti zake waulizwe mapema. Mwaka 2021 watafiti waliopima vinasaba vya wanawake wapatao laki 2 walitaja sehemu 290 za DNA zinazohusika na umri wa kukoma hedhi, nyingi zikiwa jirani na jeni za kukarabati DNA iliyoharibika ndani ya yai. Ipo pia jeni iitwayo FMR1: wanawake wenye hitilafu yake ya kati, yaani isiyo kamili, karibu mmoja katika watano hukatika kabla ya miaka 40. Lakini wale wanawake laki 2 walikuwa wa asili ya Ulaya. Anayewaambia "ni jeni za Kibengali" mwulizeni amezisoma wapi. Hapa kwetu London Mashariki mradi wa Genes & Health umekuwa ukikusanya mate ya watu wa asili ya Bangladesh na Pakistan waliojitolea tangu 2015, na mkiulizwa na mgonjwa kama ajiunge, mwelezeni kwa utulivu mate yake yanakwenda kufanya nini, kisha mwacheni aamue.

Jambo ninalotaka mlishike ni jingine. Watafiti walioongozwa na Gillian Bentley wa Chuo Kikuu cha Durham waliwafuata wanawake wa nasaba moja, watu wa Sylhet. Wengine walibaki kwao, wengine walikuja Uingereza wakiwa wasichana wadogo, wengine walikuja wakiwa wamekwisha kuwa watu wazima, na wengine walizaliwa hapahapa. Damu ile ile. Kilichowatofautisha ni umri waliopanda ndege. Mwaka 2007 ikachapishwa: waliokuja utotoni walikuwa na projesteroni, homoni ya uzazi, nyingi zaidi kwenye mate yao kuliko waliokuja wakubwa, na waliofika kabla ya miaka kama minane walivunja ungo mapema zaidi. Mwaka 2016 wakatazama akiba ya mayai kwa wanawake waliovuka miaka 35. Waliokulia Bangladesh walikuwa na akiba ndogo kuliko waliokulia Uingereza.

Msiseme ni njaa. Wale wa Sylhet hawakuwa maskini wa kulala bila kula. Watafiti wanaelekeza kidole kwenye maradhi ya utotoni, kuhara, minyoo na homa za kila mara. Mwili wa mtoto una mali yake, na ukiitumia kujikinga, sehemu ya uzazi hupata kilichobaki.

Mwili unakumbukaje? Hapo ndipo penye epijenetiki, na wengi wenu neno hilo linawatisha bure. Mliosoma chuoni mnajua kwamba herufi za msahafu hazibadiliki, lakini juu yake zipo alama ndogo za waqfu: hapa simama, hapa pita. DNA nayo herufi zake zinabaki zilezile, ila hubandikwa alama za kemikali ziitwazo methili, na seli ikifika penye alama hizo husoma kwa namna nyingine. Mwaka 2022 kundi hilo, pamoja na wenzao wa Israeli, walipangusa seli za ndani ya shavu la wanawake wa asili ya Bangladesh na kukuta waliokulia kule na waliokulia hapa wanatofautiana alama kwenye jeni iitwayo SRD5A1, inayofanya kazi ya kubadili homoni kama projesteroni. Panya waliotiwa ugonjwa wa kuvimba utumbo wangali wachanga walichelewa kubalehe, na jeni hiyohiyo ikawa imebadilika. Ugonjwa wa tumbo wa mtoto, unafika mpaka kwenye ovari. Kila nikilifikiria hilo nanyamaza kwanza.

Si kwamba njaa haina lake, ingawa siyo iliyowatofautisha wale wa Sylhet. Uholanzi, mabinti waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya 1944 na 1945 walikuja kukoma hedhi mapema kuliko wenzao. Basi kumbukeni kwamba Bengali ilipata njaa ya 1943 iliyoua mamilioni, Bangladesh ikapigana vita mwaka 1971, na njaa ikarudi 1974. Baadhi ya mama mnaowakuta sasa na shuka zilizolowa jasho walizaliwa karibu na miaka hiyo miwili ya mwisho.

Ila tahadharini na ulimi. Asije mgonjwa akasikia kwamba kwao kulikuwa kuchafu au mama yake hakumlea. Mama yake alimwokoa katika mahali ambapo watoto wengi walizikwa. Na tambuu msilikemee, ni heshima ya mgeni kwao kama ilivyo pwani kwetu. Semeni juu ya tumbaku na popoo vilivyomo, maana vyote viwili vinaleta saratani ya kinywa.

Kazini, akija mwanamke aliye chini ya miaka 45 na hedhi imekatika, msikubali arudishwe nyumbani kwa neno "kawaida". Wastani wa Uingereza ni miaka 51, na India wengi huhesabu 46 au 47, lakini mifupa na moyo haviangalii wastani wa nchi. Aliye chini ya 40 apimwe damu mara mbili kuona FSH, homoni inayoziamuru ovari, zikipita wiki 4 hadi 6 katikati. Ikithibitika kwamba hedhi imekoma mapema, aelezwe tiba ya homoni, ambayo kwa kawaida huendelea angalau mpaka umri ambao hedhi ingekoma yenyewe. Vitamini D nayo isisahauliwe, jua la huku mnalijua. Na tafadhalini, mwanawe wa kiume asifanywe mkalimani wa mambo haya. Nimeona mama akisema "kichwa kinauma" kwa sababu aliyekuwa akitafsiri ni kijana wake wa miaka 15. Ombeni mkalimani mwanamke hata kama miadi itasogea siku mbili.

Kabla ya kumuuliza ana miaka mingapi, muulizeni alikulia wapi. Kwa lugha yao: "Chhotobelay kothay chhilen?" Utotoni ulikuwa wapi? Isemeni polepole, kisha wekeni kalamu chini. Ataanza na jina la kijiji, atafika kwenye bwawa waliloteka maji, nduguye aliyekufa kwa kuhara, mwaka alioletwa huku akiwa na nguo moja ya baridi aliyopewa na shangazi. Mwacheni amalize, ndipo muandike.

Bibi yenu, mkunga mstaafu