Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: kinamasi kisipimwe kiangazi

Mheshimiwa shikamoo, na pole na majukumu. Nakuandikia kutoka huku tambarare, Moshi Vijijini, ambako maji ya mlimani yanateremkia, ishu ni hivi viwanja vinavyouzwa kwenye vinamasi.

Kikishaingia kiangazi madalali wanaleta wateja, mtu anaona ardhi imekauka mpaka imepasuka, ng'ombe wanapita, anaambiwa hapa pakavu mzee lipia tu, haujapita muda tipa zinamwaga vifusi. Masika ikija maji yanarudi palepale, yakikuta pamejazwa yanahamia kwa jirani, na jirani naye anatafuta vifusi vyake.

Mkuu, kinamasi hukijui kwa kuangalia maji peke yake. Kuna maji, kuna udongo, kuna mimea. Maji yanaweza kuondoka hata miezi kadhaa lakini udongo unabaki na ushahidi, chimba kidogo tu mara nyingi utakuta rangi ya kijivu yenye madoa ya kutu, maana udongo ukilowa muda mrefu hewa inaisha ndani na madini ya chuma yaliyomo yanabadilika. Halafu angalia kilichoota, matete na mafunjo yana vijia vya hewa ndani kwa ndani mpaka kwenye mizizi ndo maana yanaishi pale ambapo mahindi yangekuwa njano na kufa. Mkataba wa Ramsar wa 1971, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu (vinamasi na sehemu kama hizo), ambao Tanzania tumo tangu 2000, unahesabu ardhi oevu ya kudumu na ya muda pia. Ya muda, mheshimiwa, ndo hizi zetu!

Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli za watu zikae mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Sasa kinamasi ukingo wake uko wapi saveya akija Septemba?

Na faida yake tunaiona sisi. Maji ya mvua yakifika pale yanapunguza mwendo, tope linatuama, mengine yanazama taratibu ndo tunayoyachota visimani. Angalia kinamasi cha Kirua, chini ya bwawa la Nyumba ya Mungu, bwawa hilo lilipojengwa miaka ya 1960 mafuriko ya msimu yakapungua, kinamasi kikasinyaa na samaki wakapungua, na sidhani kama kuna hela inayoweza kurudisha ile hali.

Ninachoomba, wapimaji waje Aprili au Mei, wachimbe udongo, waongee na wazee wanaojua maji yanaishia wapi, wakae na watu wa maji wa Bonde la Pangani ambao ofisi yao iko hapahapa Moshi, kisha mipaka iwekewe bikoni ndo viwanja vifuate. Vifusi visimame kwanza. Na waliokwisha nunua wengi ni watu wa kipato cha chini waliouziwa kiangazi, wasivunjiwe tu na kuachwa barabarani, watafutiwe sehemu nyingine kabla masika haijawakuta mle ndani na watoto.