Barua kwa mdogo wangu aliyekabidhiwa wiki ya mtoano

Mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Nimesikia umekubali kusimamia wiki ya mtoano ya chemsha bongo za baa hapo Mwanza, timu 11, Jumatatu mpaka Jumamosi. Hongera. Barua hii naiacha wazi makusudi, ili manahodha nao waisome.

Mtoano si ligi. Kwenye ligi, swali baya likimwonea mtu leo, wiki ijayo atafidia. Kwenye mtoano swali moja baya linawarudisha watu wa Igoma nyumbani na daladala ya mwisho, na hawana siku nyingine. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni moja: anayetoka atolewe na mpinzani wake, asitolewe na karatasi yako.

Ratiba ni hesabu nyepesi. Chukua namba ya 2, 4, 8, 16 inayozidi idadi ya timu zako. Hapa ni 16. Toa 11, unapata 5: hizo tano zinaanzia robo fainali. Sita zilizobaki zinacheza Jumatatu, mechi 3. Robo fainali Jumanne, nusu fainali Alhamisi, fainali Jumamosi. Jumla ni mechi 10, kwa kuwa kila mechi inatoa timu moja na timu 10 lazima zitoke. Ukipata jumla nyingine, rudia mpangilio wako. Timu tano za kupumzika zipatikane kwa nafasi zao kwenye ligi, na jambo hilo litangazwe kabla ya droo, si baada yake. Jumatano iache wazi kwa ajili ya umeme na mvua. Tena angalia ratiba ya mpira kabla ya kutangaza tarehe: hakuna spika itakayoishinda baa inayotazama Simba au Yanga.

Mechi zote za usiku mmoja zianze dakika ile ile, saa 1:30. Zinatumia karatasi moja ya maswali, na Kirumba wakitangulia kwa robo saa tu, maswali yatakuwa yameshafika Nyegezi kwa WhatsApp. Faida yake ni kwamba unahitaji karatasi 4 kwa wiki nzima badala ya 10. Kwa mtindo wa ligi za baa za Uingereza, watu 4 kila upande, raundi 8, kila mchezaji ana swali lake kila raundi: maswali 64. Ongeza 10 ya akiba kwa kila karatasi, na wiki nzima inakula maswali 296. Anza kuyaandika mwezi mmoja kabla.

Alama ni hivi. Mchezaji akijibu mwenyewe ndani ya sekunde 15 anapata 2. Akiomba kushauriana na wenzake, wanapewa sekunde 15 nyingine na jibu sahihi linakuwa la alama 1. Wakikosa, swali linavuka kwa wapinzani, sekunde 5, alama 1. Saa ianze baada ya swali kusomwa mara ya pili, si wakati msomaji bado anazungumza. Kwa wastani swali moja hula sekunde 45, hivyo mechi ni dakika 48, na ukiongeza mapumziko ya dakika 15 baada ya raundi ya 4 ni dakika 63. Timu iliyoanza raundi nne za kwanza iwe ya pili katika nne zinazofuata.

Sasa maswali yenyewe, maana ndiko ugomvi wote unakozaliwa. Maswali yaende kwa jozi, moja kwa kila upande, na mawili hayo ni pacha: mada ile ile, ugumu ule ule. Ukimuuliza mmoja mji mkuu wa Kenya na mpinzani wake mji mkuu wa Burkina Faso, umeshaamua mechi wewe. Mpe rafiki asiyecheza azisome jozi zote, achague upande ambao angeupenda. Akichagua upande huo huo mfululizo, changanya upya.

Kisha tafuta jibu la pili kabla wachezaji hawajalitafuta. "Ni samaki gani wa kigeni aliyeingizwa Ziwa Victoria katika karne ya 20?" Mwandishi anawaza sangara. Lakini sato naye aliletwa, na mezani kwako watakaa watu wanaoishi kwa samaki. Watakusomesha mbele ya baa nzima. "Ziwa gani kubwa kuliko yote Afrika?" Kwa eneo ni Victoria, kwa kina na ujazo wa maji ni Tanganyika. Andika kipimo ndani ya swali. "Rais gani wa Zanzibar..." na jibu lako ni Mwinyi au Karume? Familia zote mbili zimetoa marais wawili wawili wa Zanzibar, hivyo andika pembeni kwamba jina la ukoo pekee halitoshi. Kwa Nyerere linatosha. Maamuzi ya namna hii yaandikwe kwenye karatasi ya majibu mapema, kwa sababu saa 2:10 usiku, watu wakiwa wamesimama, hata mwamuzi mzuri hutoa uamuzi wa kelele.

Tatu, tazama umri wa chanzo. Kitabu cha kabla ya 2012 kitakuambia Geita ni wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Cha kabla ya 2016 hakina Songwe, kwa hiyo hesabu yake ya mikoa haifiki 31. Na swali lolote la kivuko cha Kigongo na Busisi lililoandikwa kabla ya tarehe 19 Juni 2025 halijui kwamba daraja limefunguliwa. Sehemu ya Ziwa Victoria iliyo upande wa Tanzania usiiulize kwa asilimia, kwani vitabu vinatofautiana.

Na jambo moja nakuomba kwa moyo wote: ajali ya meli ya MV Bukoba isiwe swali la idadi ya waliokufa. Tarehe 21 Mei 1996 bado ina wafiwa wake katika baa hizo hizo, na hakuna alama 2 inayostahili kuwatonesha kidonda.

Kwa sare, usitumie swali la nani awahi kupaza sauti. Wawili watadai wamewahi. Tumia swali la kukadiria: kila timu inaandika namba kwa siri, zinafunuliwa pamoja, iliyo karibu inashinda. Namba iwe na jibu lisilobishaniwa lakini lisilo kichwani mwa mtu. Urefu wa Kilimanjaro haufai, kila mwanafunzi anajua 5,895. Jaribu hili: kuna siku ngapi kutoka Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961, mpaka Muungano, 26 Aprili 1964? Ni 869, na 1964 ulikuwa mwaka mrefu. (Hili sasa limeshasomwa hapa, tunga mengine matatu.)

Karatasi uzichape steshenari ya mbali na timu zote, usimame hapo hapo, na faili lifutwe kwenye kompyuta yao. Kila karatasi kwenye bahasha iliyogundishwa, saini yako ikipita juu ya mdomo wake, ifunguliwe mbele ya manahodha wawili.

Ukumbini: televisheni izimwe, meza mbili ziachane mita 3, simu zote kwenye sinia katikati, chooni ni wakati wa mapumziko tu. Wahudumu nao wapokee oda mapumziko; mwenye baa ataelewa ukimweleza kwamba dakika hizo 15 atauza kuliko saa nzima. Msomaji asisimame mbele ya spika, maikrofoni itapiga mluzi. Masika, epuka baa ya bati lisilo na dari. Ukumbi wa ufukweni una upepo na wadudu wa ziwani wanaofuata taa, hivyo karatasi za alama zibanwe kwenye ubao.

Shabiki akipenyeza jibu, swali linafutwa na la akiba linaletwa, hata kama mchezaji anaapa alikuwa analijua. Waandishi wa alama wawe wawili, mmoja kila timu, wasome jumla kwa sauti kila raundi ikiisha. Alama za timu zote mbili kwa raundi moja haziwezi kuzidi 16. Zikizidi, rekebisheni hapo hapo.

Rufaa inaletwa na nahodha peke yake, kabla swali linalofuata halijasomwa. Ikibaki shaka, futa swali na umpe mchezaji yule yule la akiba. Matokeo yakishasainiwa hakuna rufaa.

Manahodha, mwenye pingamizi na kanuni yoyote hapa alilete kabla ya droo. Na wewe, mdogo wangu, karatasi ya robo fainali niletee mkononi nikuhakikie zile pacha. Usinitumie kwenye simu.

Kaka yako