Januari ya Arua si Januari ya Beijing, hata kwenye chai

Ndugu Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa moyoni tangu wakati wa jua uliopita na naona watu wanazidi kununua bila kuuliza. Mi nauza chai hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, huu mwaka wa 11 sasa, kibanda changu kiko karibu na stendi ya mabasi. Kwa hivo chai kwangu sio fasheni, ni kazi, ndio ada ya watoto wangu.

Siku hizi kuna chai za Kichina zinauzwa Kampala, zingine zinafika mpaka huku kwenye mikoba ya watu wanaotembeza dawa, na ukinunua unapewa karatasi yenye kalenda. Inasema miezi ya 3 mpaka ya 5 kunywa chai ya maua kama yasmini, ya 6 mpaka ya 8 chai ya kijani, ya 9 mpaka ya 11 oolong (iko kati ya kijani na nyeusi), halafu ya 12 mpaka ya 2 kunywa chai nyekundu na pu'er. (Hiyo nyekundu ni hii hii yetu ya majani meusi, wao wanaita nyekundu kwa rangi ya maji yake ikishaiva, na pu'er ni majani ya chai yaliyochachushwa yakawekwa muda mrefu.) Nilinunua pu'er mwezi wa 1 na mwenye duka akanikazia kabisa, mama fuata kalenda, huu ni mwezi wa kupasha mwili moto. Nikafuata. Asubuhi pu'er na tangawizi, jioni pu'er na tangawizi, na wewe unajua Arua mwezi wa 1 ilivyo, jua limekaa kichwani, vumbi mpaka ndani ya sufuria, mvua ya mwisho hata huikumbuki. Siku ya 4 midomo imepasuka, koo limekauka, usingizi hakuna, na kastoma wawili niliowaonjesha wakaniambia mama hii chai yako inachoma kifua.

Sisemi chai ni mbaya. Ile chai ni nzuri, inanukia kama udongo baada ya mvua, na leo bado ninayo nyumbani. Kosa lilikuwa kumpa mtu wa Arua Januari ya Beijing.

Aliyenifungua macho ni mtoto wa dada yangu, amesoma Guangzhou miaka 4. Akaniambia mama mdogo, hata Wachina wenyewe hawanywi wote kwa kalenda moja, kule Guangdong, mkoa wenye mji wa Guangzhou, kusini, ni joto na unyevu sehemu kubwa ya mwaka, kwa hivo watu wanakunywa kitu kinaitwa liangcha, yaani chai ya kupoza, maji ya mitishamba michungu inayochemshwa na kuuzwa vibandani barabarani, kama kibanda changu tu, na nyingi haina hata jani la chai ndani. Tena serikali yao mwaka 2006 iliiweka kwenye orodha ya urithi wa taifa. Sasa kama mtu wa Guangdong hafuati baridi ya Beijing na wako nchi moja, mimi wa Arua naifuata ya nini?

Akanieleza msingi wenyewe na hapo ndio nikaona kuna akili ndani yake. Kwa tiba yao kila kinywaji kina asili, kuna ya baridi, ya moto na ya katikati, na sio suala la kikombe kuwa cha moto, chai ya kijani hata ukiinywa inatoa moshi wao wanaihesabu ni ya baridi. Li Shizhen, tabibu wao mkubwa ambaye kitabu chake cha dawa kilichapwa 1596, aliandika kwamba chai ni chungu na ya baridi. Jani likiachwa ligeuke rangi zaidi ndio linavyozidi kuwa la moto, kijani iko upande mmoja, oolong katikati, nyekundu na pu'er iliyoiva upande wa pili, na zote ni mti mmoja ule ule unaouona ukipita barabara ya Fort Portal. Halafu kila msimu umepewa kiungo chake, kuchipua kwa majani ni ini, joto ni moyo, majani yakipukutika ni mapafu, baridi ni figo, na mwisho wa joto kuna msimu wa 5, wa unyevu, huo wanaupa wengu na tumbo.

Nikasema kumbe bibi yangu alijua haya. Sisi Wanubi karkade, chai ya maua mekundu ya rosela, tunakunywa wakati wa jua, bibi alikuwa anasema inapoza, na tangawizi alitutolea wakati wa mvua. Na watu wa pwani nao tangu zamani wanagawa vyakula, hiki cha moto hiki cha baridi. Hatuanzi kutoka sifuri, ndugu zangu.

Kwa hivo mi naona tuchukue swali lao tuache miezi yao. Swali ni huko nje kukoje leo, na mwili wangu ukoje. Ikweta inapita nchini kwetu, hapo Kayabwe, hatuna theluji, tuna jua na mvua, na hata hizo hazifanani, Kampala wanapata mvua mara mbili kwa mwaka, sisi huku ni moja ndefu kuanzia kama mwezi wa 4 mpaka wa 11.

Wakati wa jua mi sasa ndio natoa chai ya kijani, na hapa lazima niseme kuhusu maji maana wengi wanaiharibu halafu wanasema haina ladha. Usiichemshe na jani kama chai ya maziwa. Maji yakichemka toa motoni, acha kama dakika 5, ndio umwagie, subiri dakika 2 tu, chuja. Jani usitupe, ongeza maji mara ya 2 na ya 3, wengine wanaipenda zaidi ile ya 2. Maua makavu ya krisantemu nayo ni ya wakati huu, wao wanasema yanapoza ini na macho, sisemi ni dawa ya macho lakini kwa mtu aliyeshinda kwenye bodaboda na vumbi ni kinywaji kitulivu sana. Na mwezi wa 1 na wa 2 ule ukavu wenyewe ukizidi, koo linakwaruza, hapo mi naona ni kama msimu wao wa mapafu, oolong nyepesi na kijiko cha asali ya huku kwetu West Nile, weka asali chai ikishapoa kidogo.

Mvua ndio nimeipenda zaidi kufikiria. Mwezi wa 8 na wa 9 huku kila kitu kina ukungu, nguo hazikauki, mtu anaamka mzito, tumbo limejaa na hajala, ndio kile wanachoita unyevu umeingia wengu. Hapo ile pu'er yangu imepata kazi! Na wanaitia maganda ya machenza yaliyokaushwa, yanaitwa chenpi, ya Xinhui ndio yanasifika, wanayaweka miaka 3 na zaidi ndio yanakubalika. Sisi mangada (ndio hayo machenza) tunakula, maganda tunatupa. Nimeyaosha vizuri (osha kabisa, kuna dawa za kupulizia), nimeanika, natia kipande kidogo kwenye chai ya rangi ya kawaida ya pakiti na tangawizi, na kastoma wanauliza mama umeweka nini leo. Haikuhitaji hata chai ya kuagiza. Ukiwa na mujaaja (aina ya mrihani) au mchaichai nyuma ya nyumba tumia.

Ramadhan za miaka hii zimeangukia jua kali, na hapo nimejifunza kwa mwili wangu kwamba chai nzito wakati wa daku inanipeleka chooni na kiu inakuja kabla ya saa nne asubuhi. Daku sasa nakunywa maji na kikombe kidogo cha mchaichai, karkade inangoja futari, chai yenyewe baada ya tarawehe na nyepesi.

Sasa kuna kitu kinaniuma zaidi ya midomo kupasuka. Watu wanachukua hii elimu ya chai wanaifanya hospitali. Mvua ikianza malaria inapanda, na nimeona majirani wanachemsha majani ya artemisia, mtoto ana homa siku ya 3 hajapimwa, wanasema si hii ndio dawa ya Wachina. Ni kweli dawa ilitoka kwenye mmea huo, na Tu Youyou, mwanasayansi wa Kichina, alipata Nobel 2015 kwa kazi hiyo. Lakini alichosoma kwenye kitabu cha zamani cha Ge Hong, tabibu wa kale wa Kichina, ni kuloweka na kukamua, wala sio kuchemsha, na hapo ndio alipofahamu kwamba moto unaiharibu, akaitoa kwa njia isiyo na joto kali. Dawa ya hospitali ina kipimo, kikombe chako hakina, na WHO haikubali kutibu malaria kwa chai hiyo. Homa ni kupima, jamani, kupima kwanza.

Na wajawazito. Binti yangu alipewa vidonge vya kuongeza damu akawa anavimeza na chai, nesi akamzuia, chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini vizuri. Chai ipishane saa moja au mbili na chakula na vidonge. Hili sijaliona limeandikwa kwenye karatasi yoyote ya kalenda.

Mhariri, ombi langu ni dogo. Wauzaji waandike kwa Kiswahili kinachoeleweka ndani ya pakiti kuna nini, ya moto au ya baridi, na waache kuahidi kutibu sukari na presha, wanaotaka kuuza dawa wapite NDA, mamlaka ya dawa ya taifa, kama wengine. Na wale wa Kyenjojo na Bushenyi wanaochuma chai mwaka mzima na kuipeleka mnadani Mombasa, mtuambie nani kati yenu anatengeneza ya kijani na tunaipataje huku, mi ntaanza kununua wiki hii hii.

Wasomaji wa Kabale nao naomba waandike, mwezi wa 6 na wa 7 kwenye ile baridi yenu ya asubuhi mnakunywa nini? Pu'er bado ninayo nusu pakiti.

Mama Chai,
Arua