Yule kaka hakulewa, ni jua

Mhariri, salamu kutoka Tabora. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita.

Jumanne mida ya saa 7 mchana nilikuwa narudi mjini kutoka Tumbi na baiskeli, jua la mwezi wa 10 mnalijua wenyewe, mvua bado, vumbi tupu, na upepo ukipiga unakuja wa moto. Mbele yangu kuna kaka amepakia mkaa, magunia mawili kwenye keria, nikaona anayumba mara huku mara kule, mwisho baiskeli ikamlalia. Watu wa kijiweni wanaangalia tu, mmoja akasema muacheni huyo kashapiga gongo toka asubuhi. Nilipomfikia nikamuuliza kaka unatokea wapi, ananijibu habari za ng'ombe. Harufu ya pombe hakuna kabisa. Nikamgusa shingo, inaunguza, na shati lake mgongoni limeacha ramani nyeupe ya chumvi.

Jamani hiyo sio pombe. Mwili wa mtu unatakiwa uwe kwenye nyuzi 37 hivi, ukifika 40 akili inaanza kuruka, mtu anaongea ovyo, anapepesuka, anaweza kuzimia na hata kufa. Wengine jasho linakata, wengine linaendelea kumwagika, kwa hiyo usisubiri jasho ndio uamini. Tulimvutia chini ya mwembe, tukamfungua shati, maji ya dumu tukammwagia kichwani, shingoni na kwapani huku dada wa genge anampepea kwa boksi, halafu bajaji ikamkimbiza hospitali. Kuna mzee alitaka kumnywesha maji kwa nguvu, nikamwambia shikamoo mzee, samahani, huyu hajielewi, maji yatampalia.

Sisi wa baiskeli tunadanganywa na upepo. Ukiwa unakimbia jasho linakauka hapo hapo unajiona uko fresh, kumbe maji yanaisha mwilini, sasa ukikutana na kilima una mzigo, mwendo unapungua, upepo haupo tena, hapo ndio joto linakukamata lote kwa mpigo. Mi natembea na chupa mbili za maji, moja naivalisha soksi iliyoloweshwa, ile soksi ikipigwa na upepo maji ya ndani yanapoa, jaribuni mtaona. Nakunywa funda chache kila baada ya robo saa bila kungoja kiu. Safari ikiwa ndefu ile chupa ya pili inakuwa ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita 1 ya maji, usiongeze wala kupunguza. Shati la pamba mikono mirefu, kofia, kipande cha kanga kilicholowa shingoni. Na ukipumzika iweke baiskeli kivulini pia, tyubu yenye viraka vingi ikiachwa juani solusheni inalainika kiraka kinaachia, mnajikuta mnasukuma wote wawili, wewe na mzigo wako, kwenye jua lile lile.

Sasa ombi langu. Wanaopokea mkaa na kuni mjini pokeeni mapema, saa 12 au saa 1 asubuhi muwe mmefungua, maana wengi wanapita juani kwa sababu mteja kawaambia njoo mchana. Ila na nyie mnaotoka usiku muwe na taa na rifleta, malori hayawaoni. Wenye vibanda barabarani wekeni mtungi wa maji safi na kikombe, gharama yake ndogo sana. Na ile miembe mikubwa ya zamani ambayo mji wetu unajulikana nayo, kila kukicha naona mmoja umelala, kisa eneo la biashara. Kivuli cha mwembe ule ndio kilitusaidia Jumanne, mngetuacha na mti wa nguzo ya umeme tungemlaza wapi yule kaka?

Nimesikia anaendelea vizuri. Magunia yake yapo kwa dada wa genge, baiskeli nimeihifadhi kwangu na tairi la nyuma nimeshamzibia, akiruhusiwa aulizie tu pale kijiweni watamleta.

Mpanda baiskeli,
Isevya, Tabora