Kwa nini mchanga umo kwenye bei ya bembea

Sisi hujenga viwanja vya kuchezea watoto shuleni. Wenye shule wengi wakipokea makadirio yetu ya gharama huuliza: "Hata mchanga nao tuuziwe?" Mmoja ametuambia waziwazi kuwa tunamwibia, maana fundi wa kuchomelea mtaani kwake anatengeneza bembea kwa nusu ya bei yetu. Bembea kweli ataipata. Lakini chini yake itabaki ardhi iliyoshindiliwa na miguu ya watoto hadi ikawa ngumu kama sakafu.

Sisi tunaanzia chini. Tunachimba, tunajenga kingo, tunamwaga mchanga wa mto uliochekechwa hadi kina cha sentimita 30. Ubavuni tunaacha mita 2 wazi, mbele na nyuma zaidi, kwa sababu huko ndiko mtoto anakorushwa akiponyoka. Hiyo ndiyo kazi inayokula hela. Wapo wanaojaza mchanga wa baharini ili waokoe kidogo. Ule una chumvi, na paipu za bembea huoza pale zinapoingia ardhini, mahali ambapo hakuna anayechungulia.

Kinachotuuma zaidi ni pevingi, vile vitofali vya saruji vya kutandika chini. Wazazi wakilalamikia matope kwenye sare, uwanja wote unafunikwa, na mti unakatwa eti majani yanachafua. Chekechea moja huko Mbagala ilikata mwembe wake hivyo. Ikifika saa tano joto lilikuwa linapanda toka chini, watoto hawatoki darasani. Wakanunua neti ya kivuli, upepo ukaichana. Mwishowe tukaitwa kung'oa pevingi na kupanda mwarobaini, ambao hadi leo ni mwembamba. Uwanja mmoja wameulipia mara mbili.

Shule nyingine ilituachia mkwaju wake. Tukauzungushia magogo ya kukalia, na sanduku la mchanga karibu na bomba. Mwalimu anawaokotesha watoto mbegu za ukwaju, wanazipanga kumi kumi. Nilimwona binti akichimba mfereji kwa kidole na kumimina maji kwa kopo la maziwa. Maji yakazama. Akautandika mfereji majani, akamimina tena, yakatembea. Hakuna aliyemwelekeza. Sare ilichafuka, na inafulika.

Ua wa mnyaa hatuuachi kando ya uwanja wa watoto. Utomvu wake ukiingia jichoni unaunguza vibaya, hivyo gharama ya kuung'oa utaikuta kwenye makadirio. Mchanga nao ufunikwe turubai kila jioni, paka wasiugeuze choo.

Ukitaka tukukadirie, tutumie kwanza picha ya uwanja na miti iliyopo. Tafadhali usikate chochote kabla hatujafika.