Yah: Kukataliwa kutuma barua kwa kadi ya ukaazi, na namna mnavyotunza pasipoti za wateja

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Mimi ni mgeni ninayeishi hapa kihalali, na nimekuwa mteja wenu tangu nilipohamia. Nawaandikia kulalamika kuhusu tawi ambalo jina lake, pamoja na tarehe na saa, liko kwenye tiketi ya foleni niliyoambatisha. Tawi hilo lilikataa kupokea bahasha yangu ya nyaraka na kifurushi kidogo cha vitabu kwa sababu moja tu, kwamba sikuwa na pasipoti mkononi.

Sipingi kuonyesha kitambulisho. Mtu anayetuma kitu kivuke mipaka ni haki ajulikane, na nilifika kaunta nikiwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa na kadi ya ukaazi iliyotolewa na serikali ya nchi hii, ambayo muda wake haujaisha, na leseni ya udereva ya nchi hii hii. Pasipoti ilikuwa ubalozini kwa ajili ya kubadilishwa. Wageni wote tunajua kwamba pasipoti haikai kabatini mwaka mzima: mara iko ubalozini, mara uhamiaji, mara imeshikiliwa na ofisi ya viza ya nchi nyingine. Ndiyo sababu tunapewa kadi ya ukaazi, ili tusikose cha kuonyesha.

Mhudumu aliipokea kadi vizuri, akaipitisha kwenye mashine yake, na jina langu, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kadi vikatokea kwenye skrini. Nilidhani tumemaliza. Akanigeuzia skrini nione mwenyewe: ukichagua "Raia", inafunguka orodha ya vitambulisho kadhaa, leseni ya udereva ikiwemo, ukichagua "Mgeni", orodha inabaki na neno moja, pasipoti. Kwa hiyo leseni yangu, iliyotolewa na ofisi ileile inayowapa raia zao, inamtambulisha raia lakini hainitambulishi mimi. Nilimwonea huruma yule mhudumu. Hakuitengeneza programu hiyo, na yeye ndiye anayeachiwa kuitetea mbele ya foleni.

Ninyi mlioitengeneza nataka niwaambie jambo moja. Pasipoti na kadi ya ukaazi ya aina yangu hufuata mwongozo mmoja, Hati 9303 ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Chini ya ukurasa wa pasipoti wenye picha kuna mistari miwili ya herufi na tarakimu, kila mmoja una nafasi 44. Nyuma ya kadi kuna mistari mitatu yenye nafasi 30 kila mmoja. Ndiyo maana mashine yenu iliisoma kadi bila shida. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba kifaa hakipo au kwamba kadi ni ngeni kwenu. Aliyepanga ile orodha hakufikiria kwamba mgeni anaweza kuwa mkaazi.

Nilipoomba kumwona msimamizi wa zamu, aliniambia kwamba "ni sheria". Nikamwomba anionyeshe sheria hiyo. Alinielekeza kwenye tangazo la ukutani, nami nikalisoma kwa sauti mbele yake: mtumaji aonyeshe kitambulisho halali chenye picha. Neno pasipoti halimo. Hapo ndipo aliposema kwamba ni suala la usalama wa ndege, na kwamba mimi sielewi.

Naelewa kiasi cha kutosha. Tarehe 29 Oktoba 2010 yaligunduliwa mabomu mawili yaliyofichwa ndani ya printa zilizotumwa kama vifurushi kutoka Sanaa, Yemen, zikiwa na anwani za Chicago. Moja lilikamatwa kwenye uwanja wa ndege wa East Midlands, Uingereza, na jingine Dubai, baada ya taarifa za kijasusi kutoka Saudi Arabia. Mwanamke ambaye jina lake lilitumika kama mtumaji alikamatwa Sanaa, kisha akaachiwa ilipobainika kwamba kuna mtu aliyejifanya yeye. Kila ninapofikiria tukio hilo naona kwamba hatari ilikuwa katika mtu kutumia utambulisho wa mwingine. Kinga yake ni mhudumu kulinganisha sura iliyo mbele yake na picha iliyo kwenye kitambulisho halisi, jambo ambalo kwangu lingechukua sekunde chache.

Sasa tazameni nilichoshauriwa badala yake.

Kwanza, msimamizi alisema nikiwa na picha ya pasipoti kwenye simu, nimtumie kwa WhatsApp, kwenye namba yake binafsi, naye ataichapisha. Yaani kadi halisi iliyo mkononi, yenye picha yangu, iliyosomwa na mashine yenu, haitoshi. Ila picha ya simu, ambayo mtu yeyote anaweza kuipata na yeyote anaweza kuichezea, inatosha. Na ikishatumwa, itabaki kwenye simu ya mtu ambaye kesho anaweza kuhama kazi, au simu ikaibiwa kwenye basi. Nilikataa. Wakati tunazungumza, juu ya kaunta kulikuwa na rundo la fotokopi za pasipoti, na ya juu kabisa ilikuwa imegeukia kwangu: picha, jina kamili, namba, tarehe ya kuzaliwa, vyote vya mtu nisiyemfahamu. Ningetaka kutuma kitu kwa jina lake kwenye tawi jingine, tayari nilikuwa na kila kinachohitajika. Nyuma ya fomu yenu mmechapa kwamba mnakusanya taarifa zile tu zinazohitajika kwa huduma, kauli inayofanana na ibara ya 5 ya kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inayotumika tangu Mei 2018. Ni maneno mazuri. Lile rundo halikuyasoma.

Pili, na hili ndilo lililonifanya nikae chini kuandika, mwananchi mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alijitolea kutuma vitu vyangu kwa jina lake. Alikuwa mwungwana na namshukuru. Lakini msimamizi alikubali papo hapo! Hakuuliza kama tunafahamiana. Hakuuliza kama yeye anajua kilichomo. Ile fomu ya forodha, CN 23, inataka jina na anwani ya mtumaji, maelezo ya vilivyomo, uzito na thamani yake, kisha saini ya mtumaji kuthibitisha kwamba alichoandika ni kweli na kwamba hakuna kitu cha hatari kilichokatazwa na posta. Mlikuwa tayari kumsainisha hapo mtu asiyewahi kuona ndani ya kifurushi. Kikirudishwa, kingerudi kwake. Kikileta matatizo ya forodha, angeitwa yeye. Utaratibu mnaosema upo ili kumjua mtumaji ulikuwa unakaribia kumficha mtumaji wa kweli, kwa baraka za msimamizi na mhuri wa tawi.

Hata hiyo bahasha haikustahili msukosuko wote huu. Ilikuwa na karatasi pekee: hati iliyosainiwa ya kumpa ndugu yangu mamlaka ya kuniwakilisha kwenye shauri la mirathi, ambayo inatakiwa ifike nakala halisi, la sivyo ningeipiga picha nikamaliza. Tangu 1 Januari 2021, kanuni za Umoja wa Posta Duniani, UPU, zinataka taarifa za kielektroniki zitangulie kwa vitu vyenye bidhaa. Barua ya nyaraka pekee haimo katika sharti hilo. Vitabu vimo, na kwa hivyo nilikuwa nimeshajaza kila kipengele kwenye tovuti yenu kabla ya kufika. Tovuti ilinipa na karatasi yenye msimbo ya kubandika. Kipengele cha namba ya pasipoti hakikuwepo hata kimoja.

Ninachoomba si upendeleo. Rekebisheni ile orodha ya kwenye skrini ili mgeni mwenye kadi ya ukaazi aitumie. Wakati mafundi wenu wakiendelea na kazi hiyo, wapeni matawi waraka wa maandishi unaoruhusu mhudumu kuiandika namba ya kadi kwa mkono. Wakatazeni wafanyakazi kupokea pasipoti za wateja kwenye simu zao, na mnieleze zile fotokopi zinakaa wapi, kwa muda gani, na nani anaziharibu. Kama kweli ipo sheria inayotaka pasipoti peke yake, nitajieni jina lake na kifungu, nami nitaitii sheria hiyo pasipoti yangu ikirudi. Kama haipo, basi ibandueni midomoni mwa wasimamizi wenu.

Ada niliyolipia karatasi ya msimbo kwenye tovuti bado mnayo. Siitaki irudi, nataka ifanye kazi niliyoilipia, na isihesabiwe kwamba imepitwa na muda kwa sababu ya siku mlizonichelewesha. Shauri la mirathi lina tarehe yake na mahakama haitaahirisha kwa ajili ya orodha yenu.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka nakala ya barua hii kwa mamlaka inayosimamia huduma za posta na kwa ofisi inayolinda taarifa binafsi. Barua pepe yangu na namba ya karatasi ya msimbo viko kwenye viambatisho. Mkiwa tayari kunipokea kabla ya hapo, niambieni tu niende tawi gani, na mwambieni msimamizi wa huko kwamba nitakuja na kadi.

Wenu,
Mteja

Viambatisho: tiketi ya foleni, nakala ya karatasi ya msimbo, picha ya tangazo la ukutani.