Kasi ya mwanga: mawe ya Oklo yaulizwe kwanza

Bwana Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita, iliyodai kwamba kasi ya mwanga hubadilika, imeleta ubishi mkali hapa Katuba. Wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani wa Serikali walinijia na gazeti mkononi wakisema Einstein, aliyeshikilia kwamba kasi hiyo haibadiliki, ameanguka. Nafundisha fizikia, sikuwa na pa kukimbilia.

Kuuliza kama mwanga huenda mbio zilezile kila pembe ya ulimwengu si wazimu. Mwaka 1999 Andreas Albrecht na João Magueijo walipendekeza kwamba ulimwengu ulipokuwa mchanga, mwanga ulikimbia kuliko leo. Hivyo wangeeleza kwa nini pande za anga zilizoachana mno zina joto karibu sawa. Ni wazo la wasomi, lakini halijathibitishwa, na jambo hilo mwandishi wenu hakulitaja.

Kilichonikera zaidi ni ahadi yake kwamba siku moja vipimo vitatuonyesha mwanga umepungua kilomita kadhaa kwa sekunde. Haiwezekani! Tangu 1983 mita yenyewe hupimwa kwa mwanga: ni umbali unaopitwa na mwanga katika ombwe (mahali pasipo na hewa wala kitu) kwa sehemu 1 ya 299,792,458 ya sekunde. Mwanga ukipunguza mwendo, mita nayo inafupika, na jibu linabaki lilelile. Ni sawa na mama muuza vitenge wa soko la Kenya, hapa Lubumbashi, ambaye fimbo yake ya kupimia inasinyaa pamoja na kitambaa.

Ndiyo maana wataalamu hufuata namba isiyo na mita wala sekunde, karibu 1 kwa 137, inayofunga pamoja chaji ya elektroni, kasi ya mwanga na namba ya Planck (namba ya msingi katika fizikia ya chembe ndogo); kasi ikibadilika peke yake, namba hii nayo husogea. John Webb na wenzake walichunguza mwanga wa kwaza (viini ving'avu mno vya galaksi za mbali) uliopenya mawingu ya gesi ya mbali, wakadai kwamba huko namba hiyo ilitofautiana kama sehemu 1 katika 100,000. Baadaye wakasema inategemea unatazama upande gani wa anga. Mimi sijashawishika, hitilafu ndogo ya chombo cha kupimia rangi inatosha kuzaa tofauti kama hiyo.

Mimi naamini zaidi mawe ya Gabon. Mwaka 1972, katika kiwanda cha urani cha Pierrelatte, Ufaransa, Wafaransa waligundua kuwa urani ya Oklo, huko Gabon, ina urani-235 (aina ya urani inayopasuka kwa urahisi) asilimia 0.717 badala ya 0.720. Upungufu wa kiduchu, lakini hawakuupuuza. Kumbe karibu miaka bilioni 2 iliyopita madini hayo yalijiwasha yenyewe kama reakta ya nyuklia, maji ya ardhini yakipunguza mwendo wa nyutroni, chembe zinazopasua urani. Sasa, samari-149, elementi inayopatikana katika mabaki ya reakta, humeza nyutroni kwa ulafi, ila za nishati fulani tu. Ile 1 kwa 137 ingesogea kidogo, ulafi huo ungebadilika. Mwaka 1976 Alexander Shlyakhter alipiga hesabu ya mabaki: samari ilimeza wakati ule kama inavyomeza leo. Thibault Damour na Freeman Dyson waliirudia mwaka 1996, wakaona badiliko la ile 1 kwa 137, kama lipo, halizidi takriban sehemu 1 katika milioni 10.

Watoto wa Katanga hulijua neno urani kwa ajili ya mgodi wa Shinkolobwe na bomu la Wamarekani, basi. Vitabu tunavyofundishia havina hata mstari mmoja wa Oklo, na si mbali kiasi hicho. Mkirudia mada hii, tafadhali wekeni hesabu za Oklo, na ile picha ya Einstein akitoa ulimi ipumzike kidogo.

Mwalimu wa fizikia,
Katuba, Lubumbashi